Na maji wanatoa wapi?

Baba yangu hawezi kutazama sinema ya vita bila kuuliza: "Na maji wanatoa wapi?"

Staringi amevuka jangwa, amelala msituni siku tatu, ameangusha helikopta mbili, na shati limepasuka pale tu linapopendeza kupasuka. Sisi wengine pumzi zimetukaa kooni. Baba, kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatikisa kichwa. Huyu kijana hajanywa kitu tangu jana asubuhi. Hana chupa kiunoni. Hakuna gari la maji linalomfuata. Atapigana vipi?

Baba alikaa jeshini miaka ishirini na minne, akastaafu akiwa sajini, na kiinua mgongo chake ndicho kilichojenga nyumba yetu hapa Lanet. Mimi nami nimeishi na sinema za vita kwa njia yangu. Kuanzia 2009 hadi 2018 niliuza muvi mjini Nakuru, upande wa Bondeni, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa kuta zote. Mwanzoni ilikuwa DVD kwa shilingi hamsini, baadaye unaniletea flashi nakujazia. (Najua, najua. Wenye muvi hawakupata hata senti. Siku hizi nauza kava za simu na kusajili laini, dhambi zimepungua.) Juzi kijana aliyekuwa mteja wangu wa zamani aliniuliza ni muvi gani ya vita iliyo kali kuliko zote nilizowahi kuuza, na ni ipi ya kutupa. Nikaanza kumjibu, nikaona jibu ni refu kuliko foleni iliyokuwa nyuma yake. Basi jibu ndilo hili.

Tuanze na zile tulizoanza nazo wote. Miaka ya tisini mwanzoni, kibanda cha video kilikuwa mabati, mabenchi, televisheni moja iliyofungiwa kwenye sanduku la mbao, na jenereta inanguruma nyuma. Shilingi mbili mlangoni. Wasichana hatukutakiwa kuingia, kwa hiyo niliingia. Humo ndimo nilimokutana na Commando ya 1985 na Rambo zote. Sheria ya kibanda ilikuwa moja: staringi hafi. Ukisikia mtu anapiga mayowe ya hofu benchi la nyuma, ujue ni mgeni.

Commando siiweki kwenye kundi la mbaya, na atakayeisema vibaya tutakosana. Ile ni ngano. Arnold Schwarzenegger anapita katikati ya jeshi zima akiwa amesimama wima. Wao wanalenga miti, yeye anawalenga wao. Ni hadithi ya sungura na fisi, ila sungura huyu ana misuli. Baba huicheka mpaka anakohoa. Kazi yake ni kuhesabu. Bunduki ya G3 waliyobeba Baba na wenzake jeshini ilikuwa na risasi ishirini kwenye magazini, basi, na ukikaza kidole zimeisha kabla hujajua umelenga wapi. Arnold anamwaga mia moja na hamsini bila kubadilisha. "Huyo wampe bohari ya risasi asimamie," Baba husema, "serikali itaokoa pesa nyingi."

Rambo ya kwanza, First Blood ya 1982, ni habari nyingine kabisa, na wateja wangu wengi hawakujua hivyo. Walitaka Rambo wa bunduki kubwa na kitambaa kichwani. Huyu wa kwanza anaingia mji mdogo kwa miguu akimtafuta rafiki yake wa jeshini, anaambiwa alishakufa kwa saratani, sababu ya kemikali zilizomwagwa Vietnam. Anachotaka ni chakula tu. Mkuu wa polisi anaona nywele ndefu na koti la jeshi, anamwambia apite njia. Hayo mengine yote yanatokana na mtu kunyimwa mlo. Muvi nzima anakufa mtu mmoja, naye anaanguka kutoka kwenye helikopta. Mwishoni jitu lile linakaa chini linalia, linasimulia jinsi mtoto alivyokuja na sanduku la kung'arisha viatu lenye bomu, na jinsi rafiki yake alivyopasuliwa mbele ya macho yake. Kibandani, ikifika pale, watu walipiga miluzi wakitaka mkanda ubadilishwe. Baba huwa haikosoi. Rambo akimaliza kulia, Baba hunyamaza kidogo, halafu huuliza kama kuna chai.

Pearl Harbor ya 2001 tuipite mbio. Saa tatu nzima, na mabomu yanaanza baada ya saa moja na nusu hivi ya mwanamke mmoja na wanaume wawili. Niliiuza sana kila Februari, wiki ya wapendanao. Sina zaidi.

Sasa Saving Private Ryan, ya 1998. Nilimwekea Baba mwaka 2010, nikiwa na hamu ya kuona atapata kosa gani. Zile dakika ishirini na kitu za mwanzo, wanaposhuka ufukweni Normandy, tarehe 6 Juni 1944, zilipigwa huko Curracloe nchini Ireland, na wengi wa wale wanajeshi unaowaona ni askari wa akiba wa Ireland. Labda ndiyo sababu wanatembea kama askari. Boti zinayumba, watu wanatapika kwenye viatu vya wenzao. Baba akasogeza kiti mbele. Bunduki zimefungwa nailoni zisiingie mchanga. "Hapo sasa," akasema. Kisha ule mlango wa boti unafunguka na hakuna tena wa kusema chochote sebuleni.

Lakini kilichomkamata si damu. Ufukwe ukishatekwa, Kapteni Miller, yule anayechezwa na Tom Hanks, anafungua chupa yake ya maji ili anywe, na mkono unamtetemeka. Sekunde chache tu. Baba alinyoosha kidole kwenye skrini kama mtu aliyemwona jirani yake wa zamani kwenye taarifa ya habari. Hapo hapo yule sajini wa Miller anachota mchanga, anautia kwenye kopo, anaandika Ufaransa, na kwenye mkoba wake kuna makopo mengine mawili, la Italia na la Afrika. Nikamuuliza Baba kama naye alirudi na udongo kutoka alikotumwa. "Nilirudi na malaria," akasema.

Nina kesi mbili na muvi hiyo. Kwanza, ile vita ya mwisho pale darajani inarudi kibandani kabisa, vifaru vinakuja kimoja kimoja vikingoja zamu. Pili, siku ile ya Juni kikosi cha Wamarekani weusi, batalioni ya 320 ya maputo ya kuzuia ndege, kilishuka kwenye fukwe zile zile chini ya risasi zile zile. Steven Spielberg aliupiga ule ufukwe kokoto kwa kokoto, na hao hakuwaona. Hata hivyo bado iko kwenye tano zangu bora.

Ya kutupa niitaje sasa nipumue: Tears of the Sun ya 2003. Bruce Willis ni luteni wa Marekani anayeingia Nigeria kumtoa daktari mzungu, huruma inamshika, anaamua kuwasindikiza wanakijiji kwa miguu hadi mpaka wa Cameroon. Nigeria yenyewe ni Hawaii, kila mti unang'aa kama umepakwa mafuta. Wanakijiji wapo kwa ajili ya kuokolewa na kulia, na wanalia vizuri, lakini jaribu kunitajia watatu kwa majina bila kurudi kuangalia. Nilimuuzia mama mmoja muuza nguo za mitumba, akairudisha kesho yake. Huyo alikuwa mteja wangu mkubwa wa picha za Kinigeria, tatu au nne kila wiki. Akaweka DVD kwenye kaunta: "Nirudishie hamsini yangu. Hawa si Wanaija." Nilimpa ya ndoa na wachawi, sehemu ya kwanza hadi ya nne, tukapatana. Kituko ni kwamba huyo luteni wa Bruce Willis anaitwa Waters. Baba aliposikia maana ya jina alicheka kwa sauti, akasema angalau hapa maji yamehudhuria.

Yenye dhambi ya aina hiyo hiyo, lakini naipenda na siwezi kujizuia, ni The African Queen ya 1951. Mwaka 1914, Afrika Mashariki ya Wajerumani, mlevi mmoja mwenye boti na dada wa misheni wanateremka mto kwenda kulipua meli ya kivita. Humphrey Bogart alipata Oscar kwa ulevi ule. Waliipiga Uganda na Kongo, kwenye joto lenyewe, na karibu kila mtu aliugua isipokuwa Bogart na mwongozaji wake John Huston. Katharine Hepburn, ambaye alikuwa anawaonyesha mfano mwema kwa kunywa maji matupu, ndiye aliyelazwa na tumbo. Wale wawili walikuwa wanakunywa wiski. Nilipomsomea Baba habari hiyo alifurahi kuliko alivyoifurahia sinema. Miaka yote ameuliza maji wanatoa wapi, kumbe kuna muvi ambayo maji yenyewe ndiyo yalikuwa adui.

Dhambi yake ni hii. Dakika za mwanzo Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Wale watu hawaonekani tena. Lakini sisi tunajua walikopelekwa, kwa sababu masoko yetu yamebeba jina lao, Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam: Carrier Corps, wapagazi. Walibeba chakula na risasi za wazungu wawili waliokuwa wanagombana, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa bila hata kupigwa risasi. Na vita vile vilifika hapa kwetu magharibi. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii. Juni 1915 meli zilijazwa askari kwenye bandari ya Kisumu zikavuka ziwa kwenda kuishambulia Bukoba. Niambie hiyo si muvi. Ukiwa Dunga, ufukweni Kisumu, jioni unakula samaki, hebu fikiria zinavyoondoka, taa zimezimwa.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya. Wa huku kwetu Butere mnajua neno hilo; ndivyo wazee walivyoita King's African Rifles. Alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakashuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944, tope mpaka magotini na malaria kila hema, wakavuka mto Chindwin Desemba. Nilikuwa na miaka saba alipofariki. Aliacha kikombe cha bati chenye namba yake na tabia ya kusimama mlangoni mvua inaponyesha, anaitazama tu. Nimetafuta babu yangu kwenye muvi za Burma nilizopitisha mikononi mwangu. Waingereza wamo, Wamarekani wamo, Wajapani wamo. Yeye hayumo.

Kuna meli iliyoitwa Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa Februari 1944 ikielekea Colombo, na ndani yake walikuwamo karibu elfu moja wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga torpedo mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaelea, na manowari za Kiingereza zikaamua kudondosha mabomu ya majini pale pale, juu ya watu wao. Walikufa 1,297, wanawake 77 miongoni mwao. Babu alisafiri na meli nyingine, ndiyo maana mimi nipo hapa naandika. Kila mwaka mtu hupewa mamilioni ya dola kutengeneza tena ufukwe wa Normandy. Hii hapa iko bure.

Aliyenifikisha karibu zaidi na Babu ni Msenegali. Camp de Thiaroye ya 1988, ya Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow. Mwalimu mmoja wa Kifaransa aliniagiza nimtafutie, nikaipata baada ya wiki mbili za mtandao wa usiku, na kwa kuwa bei ya data ilikuwa imenikera niliamua kuiangalia mwenyewe kwanza. Askari wa Afrika Magharibi wamerudi kutoka vita vya Ulaya, baadhi walikuwa wafungwa wa Wajerumani, wamewekwa kambini nje ya Dakar wakingoja malipo yao. Wananyang'anywa sare nzuri za Kimarekani, wanavishwa kofia nyekundu za kikoloni. Wanaletewa chakula kibovu, wanakigomea. Wanaambiwa pesa zao zitabadilishwa kwa nusu ya thamani. Muvi ina zaidi ya saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ni watu kuongea kuhusu nyama, viatu na mshahara.

Baba hakuondoka kwenye kiti. Hata swali lake hakuuliza, maana wale watu hawana lingine wanaloongea. Nilikuwa nasimamisha picha namtafsiria maandishi ya chini kwa Kiswahili, yeye ananiambia, "Endelea mama, nimeelewa." (Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo mimi ni mama yake.) Yumo askari mmoja wanayemwita Pays, aliyetoka Buchenwald, kambi ya mateso ya Wajerumani, na ulimi umefunga, anatembea na kofia ya chuma ya Kijerumani. Usiku yuko zamu kwenye mnara, anaona vifaru vinakuja. Anakimbia kuwaamsha wenzake, anaonyesha kwa mikono, na wao wanamtuliza. Wanadhani bado anaota Ujerumani. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba 1944 Wafaransa waliwafyatulia risasi. Hilo lilitokea kweli, na Ufaransa ilichukua miaka themanini kuliita mauaji ya halaiki kwa barua ya rais wake. Sembène mwenyewe alikuwa askari wa Wafaransa katika vita hivyo, akajua hasa pa kuweka kamera. Kama ningeruhusiwa muvi moja tu kwenye flashi yangu, ni hiyo. Katika miaka yangu yote ya biashara niliiuza kwa watu wawili.

Sasa hii inayofuata sijui niiweke wapi. Siwezi kusema naipenda. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton alinijia na flashi yake akasema, auntie, jaza hii kwenye mashine yako, hujawahi kuona kitu kama hiki. Come and See, ya 1985, ya Elem Klimov. Kijana wa Belarus anachimbua bunduki mchangani ajiunge na wapiganaji wa msituni, na ndani ya siku chache uso wake unakuwa wa mzee. Mwishoni wanakuandikia kwamba vijiji 628 vya Belarus vilichomwa na Wajerumani, pamoja na watu wake wote.

Kuna mahali yule kijana anarudi kwao na msichana mmoja. Nyumba tupu. Vidoli vya wadogo zake vimelala sakafuni, nzi wanavuma. Anafungua jiko, supu bado ina joto. Wanakaa, wanakula.

Hapo nilizima mashine.

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa nimepanga chumba hapa Nakuru, kwenye mtaa nisioutaja kwa sababu wenyewe bado wanaishi huko pamoja. Ile wiki ya mwisho ya mwezi, watu walipokuwa wanakimbilia uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho, jirani wa mlango wa pili aliondoka na watoto wake watatu katika muda wa mtu kuvuta pumzi. Mlango uliachwa wazi. Niliingia kuzima jiko lake, nikakuta sufuria ya githeri inatokota, mahindi yameanza kupasuka vizuri. Nilizima. Jioni maduka yote yalikuwa yamefungwa, moshi kila upande, na mimi na watoto wa mwenye nyumba tuliila ile githeri. Yule mama alirudi Machi kuchukua vyombo. Nikamrudishia sufuria, nimeisugua mpaka inang'aa. Akanishukuru kwa kumtunzia. Sikumwambia.

Klimov alijuaje kuhusu ile supu? Kila mtengeneza muvi anajua kuwasha moto. Come and See niliimalizia baada ya mwezi mmoja, sijairudia, na mteja akiiagiza nilimuuliza kwanza alikuwa wapi 2008.

Baba naye ana ya kwake. Mwaka 2000 alikuwa Sierra Leone na walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na mwezi Mei mwaka huo waasi wa RUF waliwateka mamia yao, wengi wakiwa Wazambia, Wakenya pia wakiwemo. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mama aliacha kula chakula cha usiku, redio ikalala imewashwa. Alirudi, hakusimulia, tukajifunza kutouliza. Kwa hiyo Blood Diamond ya 2006, ambayo kwenye duka langu iliuzwa kama mkate, nilikaa nayo miaka kabla ya kumwekea. Ilipigwa Msumbiji na Afrika Kusini, na alilitambua hilo dakika ya tano. Milima si yenyewe. Leonardo DiCaprio alimchekesha. Djimon Hounsou, yule mvuvi anayemtafuta mwanawe, alimnyamazisha. Ilipofika pale mtoto anapofungwa kitambaa machoni, anapewa bunduki na kuambiwa afyatue, Baba aliinuka akasema anaenda kufunga kuku. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Nilisikia mlango wa banda ukifungwa, na kuku wakilalamika. Hakurudi, nami sikuimalizia. Kwa hiyo Blood Diamond haina nafasi kwenye orodha yangu, juu wala chini.

Imebaki Black Hawk Down, ya askari wa Marekani waliokwama vitani Mogadishu mwaka 1993, na hii nimebadilisha mawazo mara tatu.

Wateja walikuwa wanaiomba kwa tafsiri ya DJ Afro, yule msimulizi wa muvi kwa Kiswahili, na nadhani hiyo ndiyo namna bora ya kuitazama, kwa sababu akisimulia yeye kila mtu kwenye skrini anapata mdomo na ucheshi, hata anayepita na mkokoteni. Kwenye muvi yenyewe ya Ridley Scott, ya 2001, Wamarekani wana majina yameandikwa kwenye kofia, na Wasomali ni wimbi linalotoka vichochoroni. Mogadishu ile ni Morocco. Tajiri Msomali anayehojiwa akivuta sigara ni George Harris, Mwingereza mzaliwa wa Grenada. Mteja wangu mmoja Msomali, mwenye duka la vitambaa, alisimama kwenye kaunta yangu akaiangalia dakika kumi, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hawa wanaongea lugha gani?" Walikufa Wamarekani 18 siku ile ya Oktoba 1993 na usiku wake. Wasomali walikufa mamia. Kwa miaka mingi niliiweka rafu moja na ya Bruce Willis.

Na bado, ukizima masikio ya haki, imetengenezwa vizuri kupita kiasi. Ilipata Oscar ya sauti na ya uhariri, na zilistahili. Na ina jambo linalomhusu Baba moja kwa moja: siku ile walidhani kazi ni ya saa moja, wengi wakaacha kambini miwani ya kuonea usiku na chupa za maji. Wakakaa mpaka asubuhi.

Nilimwambia hivyo Aprili iliyopita, Jumapili ya mvua, stima ikiwa imerudi baada ya kupotea tangu asubuhi. Akasema weka. Akaangalia yote, bila kuhesabu risasi. Alikereka mahali pamoja tu, magari ya Wamalaysia na Wapakistani yalipokuja kuwatoa wale watu na kupewa dakika mbili tatu kana kwamba ni teksi. "Hao nao wana mama zao," akasema. Kisha wanafika uwanja wa Wapakistani. Asubuhi, vumbi, watu wamelowa damu, na mhudumu anapita katikati yao ameshika sinia yenye glasi za maji.

"Rudisha," Baba akasema.

Nikarudisha. Sinia ikapita.

"Rudisha tena."

Ikapita tena. Nikasimamisha hapo, glasi zimeganda hewani.

"Sisi tulikinga kwa turubai," akasema. Nilichelewa kidogo kuelewa kwamba hakuwa anaongea kuhusu muvi. Kambi yao ilikuwa imezingirwa, gari la maji haliwezi kutoka, na siku ya nne mvua ikanyesha usiku. Walitandaza turubai, wakashika pembe. Afande wao akapima kwa kikombe kimoja cha chai, kila mtu kikombe kimoja, awe na cheo asiwe nacho. Yalikuwa na ladha ya mafuta ya taa. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kakamega aliyeshindwa kutuliza mkono, akamwaga cha kwake chote.

Nikangoja.

"Tulimchangia," Baba akasema. "Kila mtu akampimia kidogo."

Mvua ilikuwa bado inagonga mabati. Akaangalia ile picha iliyoganda, halafu akaniuliza kama Commando bado iko kwenye flashi. Ilikuwapo.